Kilomita 220 kwa Sekunde, na Bado Nipo Michenzani

Mama watoto kanituma barafu Darajani, mabonge mawili ya sharubati ya arusi. Narudi nayo ndani ya daladala, tumeganda Michenzani, mfuko unanitiririkia mapajani. Pembeni yangu mpwa wangu wa chuo. Badala ya kunipokea bonge moja, ananisogezea simu: "Mjomba, hebu tazama uzuri huu!"

Nikatazama. Nzuri, sisemi uongo. Katikati njano kama kiini cha yai, halafu mikono ya samawati inazunguka, inazidi kutanuka, kama ukili bibi anaposhona kawa.

"Galaksi hiyo, kundi kubwa mno la nyota, wanaiita M51. Lord Rosse, mtazama nyota wa Ireland, ndo wa mwanzo kuona zile pindi, akazichora mwaka 1845."

Enzi za Seyyid Said hizo! Wenzetu wanachora mbingu, miye 'saa hizi nasubiri gari moja ya mchanga ipite.

"Na ile mikono, mjomba, si kitu kilichoshikana. Ni foleni."

"Foleni?!"

"Foleni khasa. Nyota zinaingia, zinapunguza mwendo, zinatoka, nyengine zinaingia. Msongamano unabaki. Gesi ikibanwa mle, zinazaliwa nyota mpya. Zile kubwa za samawati zinawaka kwa pupa, zinakufa hata hazijafika mbali. Ndo maana mikono inang'ara."

Yaani foleni ya wenzetu inazaa nyota. Ya kwetu inazaa nini? Muuza karanga na ugomvi wa chenji.

"Sisi wenyewe tumo kwenye galaksi ya namna hiyo, Njia ya Maziwa. Jua linatuchukua kilomita kama 220 kwa sekunde, na kukizunguka kitovu cha galaksi mara moja ni miaka milioni 230 hivi."

Nikachungulia dirishani. Gari la ng'ombe likatupita. Ng'ombe mwenyewe akanitazama, wallahi, kwa huruma.

"Tangu lizaliwe limezunguka kama mara 20 tu," akaongeza.

"Basi dereva wake ndugu yake huyu wetu."

Bi mmoja wa kiti cha mbele akageuka: "Baba, na nyota zenu hizo, maji yanatoka wapi? Buibui langu lisharowa!"

Nikaomba radhi mpaka Mwanakwerekwe.

Nyumbani mama watoto akafungua mfuko, akauinua, akautikisa. Mna kijibonge kama kokwa ya embe kinaelea.

"Barafu i wapi?"

Mpwa akafungua kinywa: "Shangazi, unajua galaksi..."

Nikamkanyaga mguu.