Engalabi kando ya dramu: nani ampishe mwenzake?

Mpiga ngoma wa Kampala akiiweka engalabi, ngoma ndefu ya Baganda, kando ya seti ya dramu, akaongeza gitaa la roki na fidla mbili tatu za muziki wa klasiki, hakosi maneno. Wazee husema ngoma imeuzwa. Vijana hujibu kwamba ngoma isiyochanganyika itaishia makumbusho. Mimi nawaunga mkono vijana, kwa sharti moja ambalo wengi wao hawalitimizi.

Wazee wana hoja, tena nzito. Ngoma ya Kiganda haipigwi upweke. Embuutu inaongoza, empuunyi inashikilia mwendo kule chini, nankasa inapigwa kwa vijiti, na engalabi, ile ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge, inalia kwa ukali chini ya viganja. Kila moja huacha pengo, nyingine ikalijaza. Sasa ingiza besi ya mguu ya seti ya dramu. Mlio wake unakaa palepale pa empuunyi, na nyuma yake kuna spika. Avumaye ni embuutu, lakini empuunyi ikimezwa, anayecheza baakisimba, dansi ya Kiganda, hana pa kukanyagia. Msikilizaji aliyekaa kitini huenda asitambue; mchezaji anatambua papo hapo, kiunoni.

Halafu kuna suala la sauti zenyewe. Amadinda, yaani marimba ya Kiganda, na pia entenga, zile ngoma za jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, zinazopiga wimbo mzima na si mdundo tu, hugawa oktava, yaani nafasi kati ya noti na noti ileile ya juu yake, katika hatua tano zinazokaribia kulingana. Piano haina hatua hizo. Zikikutana, mmoja lazima ampishe mwenzake, na mara nyingi anayepisha ni mwenyeji. Fundi wa studio huambiwa arekebishe, naye hurekebisha mpaka Buganda yote imetoka. Hili linaniuma kuliko lile la besi, kwa sababu besi unaweza kuipunguza sauti, lakini sikio la mtoto aliyezoea wimbo uliorekebishwa ni vigumu kulirudisha.

Hata hivyo, kuihifadhi ngoma ndani ya ua hakukuiokoa entenga. Mei 1966 jeshi la Milton Obote, kiongozi wa Uganda wakati huo, lilipoivamia Lubiri, jumba la Kabaka pale Mengo, wanamuziki wa Kabaka walitawanyika na ngoma hizo zikanyamaza. Falme zilifutwa 1967. Buganda ilirudishwa 1993, entenga haikurudi nayo. Ilifufuliwa miaka mingi baadaye kwa kuwa alikuwapo mzee aliyewahi kuipiga, na vijana waliokubali kuketi wafundishwe.

Wala kuchanganya si ugonjwa wa kizazi hiki. Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio, utungo mrefu wa kwaya, ya Mashahidi wa Uganda, nayo ikaimbwa Roma mwaka 1964, mwaka ambao mashahidi hao walitangazwa watakatifu. Justinian Tamusuza aliandikia fidla mbili, viola na selo muziki wenye mwendo wa Kiganda, na Kronos Quartet ya Marekani ikautoa katika albamu mwaka 1992. Siku hizi Nihiloxica, kundi lililozaliwa Kampala, linaweka ngoma za Kiganda pamoja na dramu na sinthesaiza, na ukisikiliza vizuri utaona dramu ndiyo inayowafuata wenyeji. Wote hawa walianza na muziki wa nyumbani, ule wa kigeni ukaukuta umeketi.

Hapo ndipo lilipo sharti langu. Kijana anayetaka kuoanisha roki, klasiki na ngoma za kwao akae kwanza kwenye empuunyi, apige mdundo uleule usiku mzima wa arusi bila kusifiwa na mtu, mpaka ajue wenzake wanamtegemea kwa nini. Akishaupata ndani yake, alete gitaa, alete hata okestra nzima. Atajua mwenyewe pa kupunguza. Asiyeupitia hubandika engalabi juu ya wimbo wa roki kama pambo, na wazee wakimlalamikia, wanalalamika kwa haki.

Liko pia suala la malipo, ambalo pande zote mbili hulikwepa. Midundo ya baakisimba haina mtunzi anayejulikana, kwa hiyo albamu ikitoka, hutajwa mpiga dramu na prodyuza. Mzee aliyefundisha mikono ile hatajwi. Jina lake liandikwe kwenye albamu, naye apate fungu lake kila inapouzwa.