Anaishi na Kuandika Dar es Salaam

Majarida ya fasihi huwa nayasoma kuanzia nyuma. Mashairi baadaye, kwanza nataka kujua nani kaandika. Kwa hiyo toleo jipya la lile jarida ambalo wengi wenu mlipiga nalo picha pale Masaki (mnalijua, silitaji) lilinikera kabla sijafika hata kwenye beti la kwanza.

Kurasa nzima za wasifu, na ukiyafunika majina kwa kiganja huwezi kumtofautisha mtu na mtu. Huyu ni mshairi, msimulizi wa hadithi na mdau wa utamaduni. Yule ni msimulizi wa hadithi, mshairi na mdau wa utamaduni. Huyu ana shahada ya uzamili ya uandishi bunifu kutoka Uingereza, yule alikuwa mwandishi mwalikwa Ujerumani. Mmoja "anagawa muda wake kati ya Dar es Salaam na Berlin", na pichani anatazama pembeni, kama desturi inavyotaka. Hakuna aliyeajiriwa. Hakuna anayeuza kitu. Kundi zima la watu wa jiji hili, na hakuna hata mmoja anayeamka alfajiri kuwahi daladala.

Ningenyamaza. Majarida yenyewe tunayo machache, yanatoka kwa jasho la watu wanaojitolea, na kuyalalamikia ni kama kumsema mgonjwa mbele ya ndugu zake. Lakini safari hii kuna mtu mmoja humo ndani ninayemfahamu.

Ni fundi cherehani wa Tandika. Hunipunguzia suruali. Alinionyesha kwenye simu wasifu aliowatumia wahariri: kwamba kwao ni Newala, kwamba aliishia darasa la saba, kwamba ana kibanda karibu na soko na anashona sare za shule na kubadilisha zipu. Maneno yake, sentensi fupi fupi, hakuna mbwembwe. Jarida likatoka. Nikatafuta jina lake nyuma. Limeandikwa jina, nukta mbili, halafu: "Anaishi na kuandika Dar es Salaam."

Basi. Newala hakuna, darasa la saba hakuna, cherehani imeyeyuka. Anaishi na kuandika, kama vile pango la kibanda linalipwa kwa vina na mizani.

Sasa lisome shairi lenyewe. Ni la Januari. Akina mama wanakuja na watoto kupimwa sare, wanabishana bei, na kila mmoja anamwambia fundi jambo lilelile: mwachie pindo kubwa, huyu anakua haraka. Fundi anaacha inchi tatu. Mwaka unaofuata baadhi ya zile sketi zinarudi, pindo linashushwa, kitambaa kilichojificha ndani kinatokea kikiwa kipya kuliko sketi nzima. Nyingine hazirudi, na shairi halisemi kwa nini. Kuna beti pale, la yule mtoto ambaye pindo lake lilibaki limekunjwa vilevile, ambalo nililisoma nikaliweka jarida chini.

Siku ya uzinduzi mchambuzi mmoja alisimama akalisifia shairi hili kwa dakika nyingi. Akasema pindo ni sitiari ya taifa linaloahirisha matumaini yake. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na meza ya sambusa, nikawa nawaza: jamani, ni pindo! Ni inchi tatu za kitambaa cha bluu. Linaweza kuwa taifa pia, sikatai, mashairi yana uhuru huo. Lakini kabla halijawa taifa lilikuwa sketi ya mtoto, na aliyelikunja ndiye aliyeliandika, na hakuna mtu ukumbini aliyeambiwa hivyo. Walidhani ni mtu aliyekaa dirishani akaota mfano mzuri. Kumbe ni mtu anayejua, kwa kuwa mikono yake inajua, kwamba kitambaa cha ndani ya pindo hakipauki.

Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kazi ya mtu haihusiani na shairi lake.

Kwani hawa wakubwa tunaowaapia majina walikuwa nani? Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha Pangani tangu 1926, akaenda idara ya wanyama, akarudi Tanga ofisi ya jimbo, kisha upimaji wa ardhi. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoloni, mtu wa majalada na uhamisho, na alipoandika maisha yake hakuona haya kuyaweka hayo humo. Angetuma shairi leo, wangemwandika "anaishi na kuandika Tanga". (Mimi mwenyewe nahangaika na nyaraka za mizigo bandarini, kwa hiyo niko karibu kabisa na Shaaban Robert. Kilichobaki ni kipaji tu.)

Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa 1917, mtu ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, alikuwa hakimu. Ndiye aliyetuachia zile ngonjera zilizotutesa shuleni, sare zimepigwa pasi, mgeni rasmi kachelewa. Ngonjera ni nini? Pande mbili zinabishana kwa zamu mpaka suluhu inapatikana. Mtu ashinde siku nzima barazani akisikiliza mdai na mdaiwa, halafu aje na utungo wa pande mbili zinazobishana, na niambiwe ajira yake haina maana kwa msomaji? Mimi siamini bahati za namna hiyo.

Muhammed Said Abdulla alianzia idara ya afya Zanzibar, kazi ya ukaguzi, kisha akawa mhariri. Msomeni Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya zake, anavyoingia kwenye nyumba ya watu akachungulia pembe ambazo wenyewe wamezisahau, halafu mniambie hamumwoni yule bwana afya. Haji Gora Haji wa Tumbatu, tuliyempoteza 2021, alisoma chuoni, yaani Kurani, akaishi kwa uvuvi, ubaharia na kubeba mizigo. Diwani yake iliyotoka 1994 inaitwa Kimbunga, na pepo za humo si za mtu aliyezisoma kwenye atlasi.

Tena yuko Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Shaaban Robert alipomwandikia wasifu hakuficha kwamba alitoka Fumba kwenye ufukara na kwamba alitembeza vyungu kabla sauti yake haijafika Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Angeweza kuandika "msanii kutoka Unguja". Hakufanya hivyo. Vyungu viliingia kwenye wasifu kwa sababu ndivyo alivyojifunza kuita, na mtu anayeita barabarani mchana kutwa ana mapafu.

Nilimuuliza mmoja wa wahariri. Ni rafiki yangu, au alikuwa mpaka andiko hili lilipotoka. Kwanza akasema nafasi ilikuwa finyu. Nikamfungulia ukurasa nikamwonyesha mtu mwenye mistari tisa ya tuzo. Akacheka, halafu akasema lililokuwa moyoni: "Kaka, tuliogopa isionekane tumemchapisha kwa sababu ni fundi."

Hili sina budi kulimeza, ingawa linakwama kooni. Tunao ugonjwa huo kweli. Muuza mihogo akitunga tunamrekodi video, tunaweka vikaragosi vya machozi, na hakuna anayeuliza kama mizani imetimia. Mtu anaweza kuwa fundi na akaandika shairi baya, wako wengi, hata huyu wa Tandika ana mashairi mabaya na nimemwambia. Na ni haki ya mtu kusema sitaki mnisome kwa huruma. Sawa. Lakini fundi hakuomba afichwe. Aliandika mwenyewe, kwa hiari, kwamba anabadilisha zipu. Hofu ilikuwa ya wahariri. Walimwonea aibu kwa niaba yake, wakaita heshima.

Na hofu hiyo mbona haiwashiki kwa mwenye shahada? Kwa nini hawaogopi isionekane wamemchapisha kwa sababu alikuwa Berlin?

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na chuo kikuu. Mlimani umetupa Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, umetupa Ebrahim Hussein na Penina Muhando, na bila wao tungekuwa bado tunabishana kama shairi lisilo na vina ni shairi. (Najua wengine bado mnabishana. Endeleeni.) Shahada ni sehemu ya maisha ya mtu, iandikwe. Ninachosema ni kwamba na cherehani ni sehemu ya maisha ya mtu.

Halafu tuseme ukweli kuhusu pesa. Jarida hili linawalipa waandishi nakala mbili. Kwa hiyo kila mmoja mle ndani analishwa na kitu kingine: benki, shule, shirika, duka la mjomba, mume, nyumba ya urithi Mikocheni yenye wapangaji. Hakuna aibu katika lolote kati ya hayo. Lakini yakifichwa yote, kijana wa Mbagala anayefungua ukurasa ule anaona watu wanaoishi kwa mashairi, anaamini kuna ajira ya namna hiyo mahali fulani, na kwamba yeye ndiye peke yake anayeandika usiku baada ya kufunga kibanda. Kumbe nusu ya wale wanaandika usiku. Nusu nyingine ndiyo ile ya wapangaji.

Zamani kwenye kurasa za mashairi za magazeti hapakuwa na wasifu kabisa. Jina au lakabu, sanduku la posta, mji. Mambo Leo, iliyoanzishwa na idara ya elimu ya mkoloni hapahapa Dar es Salaam mwaka 1923, ilikuwa na ukurasa wake wa mashairi, na sidhani kama kuna aliyeombwa kujieleza kwa maneno hamsini, nafsi ya tatu, kama anajiandikia tanzia. Ningeridhika na hilo pia. Aidha tuambieni watu wanaishi vipi, aidha msituambie chochote. Huu wa katikati, wa kuchagua yale yanayong'aa, ndio unaonichefua.

Mengine kwa haraka, maana nimeshachelewa kulala. Kwa nini wanawake wawili wameandikwa "mama wa watoto" idadi kadhaa na hakuna baba hata mmoja, wakati nawajua akina baba wanne mle ndani, na mmoja anafukuziwa matunzo? Kwa nini jarida linajiita la Tanzania na sijaona mtu anayeishi Nachingwea, wala Kasulu, wala Tunduru? Na wale mlioandika wasifu wenu kwa Kiingereza kwenye jarida la Kiswahili, nawasalimu.

Wahariri, toleo lijalo ongezeni swali moja kwenye fomu: unafanya kazi gani? Asiyetaka asijibu. Anayejibu mchapeni alivyojibu, zipu na kila kitu. Na ikiwa nafasi bado haitoshi, pale kwenye mistari tisa pana tuzo tatu ambazo mshindi na mwandaaji ni marafiki. Anzieni hapo kupunguza.