Mwenye kifafa anajua kwamba tunamtazama

Nilikuwa darasa la tano msichana wa darasani kwetu alipoanguka mstarini. Tulikimbia wote, maana nyumbani tulikuwa tumeonywa kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe unaupata. Alipozinduka hakuuliza kilichompata. Alivuta sketi yake ikafunika magoti, kisha akatuangalia mmoja mmoja.

Nilimkumbuka ukubwani, nikisoma kitabu cha Kigiriki cha karibu mwaka 400 kabla ya Kristo, kilichohifadhiwa kwa jina la Hippocrates, tabibu wa Kigiriki. Kinahusu kile walichokiita ugonjwa mtakatifu, yaani kifafa, kwa kuamini kwamba aliyeanguka kakamatwa na miungu. Waganga wa utakaso walimpigia mgonjwa marufuku nyingi: asile nyama ya mbuzi, asivae nyeusi, asilalie ngozi ya mbuzi. Mwandishi anawajibu kwa hoja ninayoipenda sana. Kama mbuzi ndiye chanzo, anasema, basi Walibia wa bara wasingekuwa na mzima hata mmoja, kwani wao hulalia ngozi za mbuzi na kula nyama yake. Kwake yeye kifafa kina chanzo kama maradhi mengine, nacho kiko kwenye ubongo.

Wanaomsifu wengi huishia hapo kwenye ubongo. Maelezo yaliyobaki alikosea: alidhani belghamu, yaani kohozi, hushuka kutoka kichwani na kuziba njia ya hewa mishipani. Mimi kinachonigusa ni aya fupi inayofuata mbele. Anasema waliouzoea ugonjwa huhisi unakuja, wakawakimbia watu. Kama nyumbani ni karibu, huenda nyumbani. Kama ni mbali, hutafuta mahali pasipo na watu, wakajifunika. Wengi walidhani wanaiogopa miungu. Yeye anakataa: ni aibu. Watoto wadogo, kwa kuwa hawajaijua aibu, hukimbilia kwa mama.

Huwezi kuandika hivyo bila kukaa na wagonjwa na kuwatazama kwa huruma.

Warumi walikuwa na mambo mengine. Mtu akianguka kwenye mkutano wa wananchi, mkutano ulivunjwa, na kifafa kikapata jina la ugonjwa wa mkutano. Pliny, mwandishi wa Kirumi, ameandika kwamba walimtemea mate mwenye kifafa ili kuurudisha ugonjwa ulikotoka. Sisi hatukumtemea mwenzetu mate, ila alikaa dawati lake peke yake mpaka muhula ukaisha, nami sikwenda kukaa naye. Povu haliambukizi kifafa. Hakuna mtu mzima aliyetuambia.

Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, walau aliuliza. Mvulana wa miaka 13 alimweleza jinsi hali ilivyoanzia kwenye muundi, ikapanda pajani, ubavuni, shingoni hadi kichwani. Kijana mwingine alisema ni kama upepo wa baridi. Ndipo madaktari walipopata neno aura, ambalo kwa Kigiriki ni upepo mwanana, na wanalitumia hadi leo kwa dalili anazozihisi mgonjwa kifafa kikianza.

Waislamu wanaijua hadithi iliyomo katika Bukhari, ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akasema anaanguka, na akianguka anafunuka. Alipewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira. Lakini aliomba jambo moja, kwamba asiwe anafunuka. Kila nikiisoma namwona yule msichana na sketi yake.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaofundisha huduma ya kwanza. Mnatuambia tumlaze ubavu, tuondoe vitu vya kumuumiza, tusimtie kijiko wala kitu chochote kinywani. Ni sahihi, endeleeni. Ongezeni na haya: watu watawanywe, simu zirudi mifukoni, mtu avue khanga au koti amfunike miguu. Na akizinduka, amkute karibu mtu anayemjua, amwite kwa jina lake.