Kilele cha Longonot, Bila Shahidi

Mara ya kwanza nilipopanda Mlima Longonot niliishia ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano, soli ya raba imeachama kama mdomo wa mamba, wenzangu wa kazini wakiendelea na kilele. Tangu siku hiyo ofisini naitwa Nusu Mlima. Safari hii nikadandia matatu ya Mai Mahiu alfajiri, kimyakimya, peke yangu. Sitaki shahidi.

Kwenye geti la mbuga jua lilishaanza kuchoma, sweta nikamwachia kijana wa bodaboda. Nikabaki na chupa ya bati na suruali ya kitambaa niliyoshonewa harusi ya binamu yangu, kabla kitambi hakijaingia.

Hadi ukingoni, rahisi kama mteremko. Yaani nilipaa! Shida ni kile kipande cha kupandia kileleni. Mvua imechimba mifereji humo, na mwamba wenyewe ni majivu ya volkano yaliyogandamana: ukishika jiwe, linakufuata. Nikainua goti hadi kifuani kutafuta pa kukanyaga. Chwaaaa! Kuanzia mshipi nyuma hadi zipu mbele. Upepo wa Bonde la Ufa ukaingia bila hodi.

Kurudi? Thubutu. Nikatambaa hadi juu, mita 2,776, Ziwa Naivasha linametameta kule bondeni, nikakaa juu ya jiwe kutafakari namna ya kujisitiri. Mifuko ya plastiki Kenya ilipigwa marufuku 2017, na tangu 2020 hata chupa ya maji ya kutupa huingii nayo mbugani. Raia mwema kama mimi, mtii sheria, hana hata cha kufunika makalio.

Ndipo nikasikia nyimbo. Darasa zima, na mwalimu wao mbele.

"Shikamoo mzee!"

Mzee, mimi ambaye hata mke sijapata.

"Marahaba," nikajibu, nimeng'ang'ania jiwe.

"Kaka, hebu simama utupige picha," akasema mwalimu.

"Mwalimu, picha nzuri hupigwa kutoka chini. Mtaonekana warefu."

"Mnaona, watoto? Huyu ni fundi!"

Fundi akapiga. Wavulana, wasichana, wenye kofia, walimu peke yao, wote nikiwageukia bila kuinua makalio jiweni. Nikajua sasa wataondoka. Wakatoa mikate, wakala polepole, wakaimba tena. Mimi niko palepale.

Hatimaye mwalimu akajifunga mkoba, akanigeukia kwa tabasamu.

"Kaka, naona huu mlima unaujua. Watoto, pangeni mstari nyuma yake. Tangulia, kaka, tunakufuata."