Mnauliza Mwas Yuko Wapi, Ulizeni Kazi Ilikuwa Wapi

Kila baada ya miezi michache, wiki ikikosa kashfa, kuna mtu hurusha mitandaoni picha ya Mwas, mhusika mkuu wa filamu ya Kenya Nairobi Half Life aliyeigizwa na Joseph Wairimu, na kuuliza: huyu jamaa alipotelea wapi? Majibu huja mbio. Hakujipanga. Alilewa sifa. Alikosa koneksheni. Halafu hakosi mmoja wa kumtaja Lupita, kwamba mbona yeye alifika. Lupita Nyong'o alisomea uigizaji Yale, na Oscar yake ya 2014 aliipata kwa filamu ya Kimarekani. Anayemtaja hapa hajajibu swali, amelikwepa tu.

Mimi ni mpenzi wa filamu hii tangu 2012, na swali lenyewe limenichosha. Linamfanya mwigizaji kuwa mshtakiwa. Tungeuliza kwanza kama alikuwa na pa kwenda.

Kwa ambaye hajaiona, au aliiona zamani kwenye DVD iliyokwaruzika: Mwas tunamkuta kijijini akiuza filamu za kukopi. Hazitandazi chini akangoja mnunuzi. Anaigiza pigano zima mbele ya wateja, anapiga, anapigwa, anakufa, anafufuka, huku akitia na milio ya silaha kwa mdomo. Ni DJ Afro, yule msimuliaji wa filamu za kigeni, asiye na kipaza sauti. Ndani ya dakika hizo chache Joseph Wairimu ameshakuonyesha kila kitu: huyu mtu kipaji anacho, na soko alilonalo ni watu wachache wa kijijini ambao pengine hata DVD hawanunui.

Anaenda Nairobi. Mji unampokea jinsi unavyowapokea wageni, yaani anaporwa, anatiwa ndani, anasafisha choo cha selo kisichotazamika. (Wenzangu wengi hugeuza uso hapo. Mimi huwa natazama, maana hata kwenye choo kile jamaa anaigiza.) Selo ndiyo inamkutanisha na Oti, na Oti ana genge. Wanaanza na vioo vya pembeni na taa za magari, wanaishia kuteka magari yenyewe. Upande wa pili, kijana huyo huyo amefaulu usaili na anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Usiku bunduki, mchana mistari ya kukariri. Katikati wapo makarao, yaani polisi, wanaotaka mgao wao.

David "Tosh" Gitonga aliiongoza ikiwa filamu yake ndefu ya kwanza. Ilikwenda Durban, Afrika Kusini, na kwenye tamasha la filamu la huko Wairimu akatoka na tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Mwaka huo huo Kenya ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar, kitengo cha filamu za lugha za kigeni, jambo ambalo nchi yetu haikuwahi kufanya kabla. Nilikuwa mmoja wa waliopanga foleni ya tikiti mjini, na nakumbuka watu ukumbini wakijibizana na skrini kwa Sheng, lugha ya mtaani, kama wako kwenye matatu. Tulikuwa hatujazoea kujisikia tukiongea vile kwenye sinema kubwa. Ilikuwa ni Sheng, Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza, kila lugha mahali ambapo mtu angeitumia kweli.

Sasa tuje kwenye kinachosahaulika kila picha ile inaporushwa. Filamu hii haikutoka kwenye kampuni yenye mpango wa kuwakuza nyota. Ilitoka kwenye warsha. One Fine Day Films, iliyoanzishwa na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer pamoja na Marie Steinmann, ilishirikiana na Ginger Ink ya Nairobi, na serikali ya Ujerumani ikachangia pesa. Utaratibu wao ulikuwa kuwakusanya vijana wa Kiafrika, kuwafundisha kazi, kisha kutengeneza nao filamu moja kamili wakiwa chini ya wakongwe. Waliofundishwa ni waongozaji, wapiga picha, waandishi, wahariri, watu wa sauti, watu wa mandhari. Mwigizaji yeye aliingia kwa usaili, akalipwa ujira wake, kamera ikafungwa, akaenda nyumbani.

Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Lile ndilo lilikuwa lengo lao na walilitimiza vizuri kuliko miradi mingi ya wafadhili ninayoijua. Lakini hesabu ni hesabu. Kuanzia Soul Boy ya 2010 hadi Lusala ya 2019 walitoa filamu saba, kila moja na mwongozaji wake. Ukiiacha Nairobi Half Life yenyewe na kuzipanga zilizobaki, utaona moja ni ya mwanamke aliyekufa asiyejua amefikaje kambini, nyingine ni ya msichana mdogo mgonjwa anayeota kuwa shujaa, nyingine ni ya mama anayejaribu kujenga upya maisha baada ya ghasia za uchaguzi. Ya uhalifu wa kujitangaza ni Veve tu, ya biashara ya miraa, 2014. Filamu nzuri, kadhaa kati ya hizo nazipenda. Lakini kijana aliyepata jina kwa kuwa mwizi wa mtaani mwenye ndoto, kwenye orodha hiyo anapata kazi gani? Na hao ndio walikuwa wenye pesa za kutengeneza filamu za kiwango kile. Wengine walikuwa River Road, mtaa wa Nairobi, wakitoa filamu wiki kwa wiki kwa bajeti ambayo haingelipa hata chakula cha mchana cha seti ya Gitonga.

Tazama ni nani alisonga mbele. Gitonga mwenyewe alirudi 2018 na Disconnect, vichekesho vya mapenzi vya watu wa tabaka la kati, wenye nyumba safi na simu za bei. Mugambi Nthiga, aliyekuwa kati ya waigizaji wa Nairobi Half Life, alishiriki kuandika Kati Kati na Supa Modo, kisha akaongoza Lusala. Ndiye mfano ninaoupenda zaidi katika kundi zima, na ni mfano unaoniuma vilevile, kwa sababu ukiuangalia vizuri unakuambia kwamba njia ya kudumu kwenye uigizaji wa Kenya ilikuwa kuuongezea kazi nyingine. Aliyejua kuandika akashika kalamu, na milango ikafunguka. Aliyejua kuigiza peke yake, na kuigiza kwa Kiswahili cha mtaani, alibaki akingoja simu.

Simu nyingine zilitoka nje. Hapa nina malalamiko yangu ya zamani. Mwaka 2015 Netflix ilitoa Sense8, yenye wahusika wanane wa miji mbalimbali duniani, mmoja wao akiwa dereva wa matatu wa Nairobi anayeitwa Capheus. Tom Tykwer ni mmoja wa walioongoza mfululizo huo, na sehemu za Nairobi zilikuwa mikononi mwake. Huyu ni mtu ambaye kampuni yake ilitoa Nairobi Half Life miaka mitatu nyuma, akijua vizuri kazi ya Wairimu na ya Olwenya Maina, aliyeigiza Oti. Capheus akapewa Aml Ameen, Mwingereza. Alipoondoka, nafasi ikaenda kwa Toby Onwumere, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Paul Ogola, aliyekuwa kwenye genge la Oti, alipata nafasi ya Jela, rafiki wa dereva. Anaigiza vizuri sana, na ukimsikia yeye kisha ukamsikia bosi wake wa matatu, sikio lako litakuambia ni nani kati yao aliyewahi kudandia gari la Kayole.

Najua majibu. Mfululizo wa mamilioni ya dola hutafuta majina, hutafuta maajenti, hutafuta mtu anayeweza kusafiri wiki ijayo bila kuhangaikia viza. Yote kweli. Ndiyo maana nasema tusimuulize Wairimu.

Wakati huo huo Afrika Kusini walikuwa na Mwas wao. Presley Chweneyagae alikuwa na umri wa miaka kama ishirini alipoigiza jambazi kijana katika Tsotsi, filamu iliyoshinda Oscar mwaka 2006. Naye angeweza kuishia kuwa picha ya kurushwa mitandaoni. Lakini kwao kulikuwa na televisheni inayotengeneza tamthilia kila siku ya Mungu, yenye waandishi wa kulipwa na studio zisizozimwa taa. Kuanzia 2018 alikuwa Cobra kwenye tamthilia ya The River, jambazi tena, ila jambazi wa kuchekesha, wa kupendwa, aliyezeeka kidogo na kunenepa kidogo mbele ya watazamaji. Alipofariki Mei 2025, akiwa na miaka 40 tu, watu walimlilia Cobra kama walivyomlilia Tsotsi. Filamu ilimleta, televisheni ikamlea. Sisi tulikuwa na la kwanza tu.

Kwetu televisheni ilichangamka baadaye. Selina, Maria, Zora, Njoro wa Uba, hizo zote ni za kuanzia 2018 kuja huku. Miaka sita baada ya Durban. Na nyingi zilipofika zilitaka warembo, majumba, mama wakwe wakali na urithi unaogombaniwa. Sizidharau, mama yangu alikuwa hashikiki saa ya Maria. Lakini sura ya mtu aliyetoka selo haikuwa na kiti sebuleni mle.

Katikati ya miaka hiyo mwigizaji wa Nairobi aliishije? Waulize wenyewe. Kuna maigizo ya vitabu vya fasihi teule: kundi linajipakia kwenye matatu na maleba kwenye magunia, linazunguka shule za upili kutoka Murang'a hadi Kisii, maonyesho mawili kwa siku kwenye bwalo la chakula, wanafunzi mia tano wakijua mistari kuliko waigizaji. Kuna michezo ya mashirika, ya kunawa mikono na kutouza kura. Kuna sauti za matangazo ya redio. Kuna kuwa MC wa harusi, ambayo naambiwa hulipa kuliko vyote hivyo. Mtu anaweza kuwa kazini mwaka mzima, anaigiza karibu kila siku, na bado wewe uliye na simu mkononi ukaandika kwamba amepotea, kwa sababu hakutokea pale unapotazama.

Olwenya Maina alitoka kwenye jukwaa la namna hiyo. Oti wake bado namwona ndiye jambazi bora zaidi katika sinema ya Kenya, na sababu ni kwamba hafanyi lolote la kijambazi. Hapazi sauti bila haja. Anakaa. Anamwangalia Mwas kwa muda, wewe mtazamaji unaanza kuhisi jasho kwapani, kisha anatabasamu na hujui kama ni salama. Amina, aliyeigizwa na Nancy Wanjiku Karanja, ana maneno machache kuliko wanaume wote mle, lakini angalia jinsi uso wa Oti unavyobadilika akiwa karibu naye. Mchezo mzima wa mapenzi yao uko kwenye vitu kama hivyo, ambavyo huwezi kuviandika kwenye mswada.

Septemba 2022 ilipotangazwa kwamba Olwenya amefariki, kurasa zilijaa. Karibu kila mtu aliandika "Oti". Pumzika Oti, genge lako linakulilia, na kadhalika. Nami niliandika hivyo hivyo, sijitoi. Baadaye nikajiuliza ni mara ngapi katika ile miaka kumi nililipia kitu alichokuwemo. Nilipata mara moja, ile tikiti ya 2012. Filamu yenyewe niliitazama tena mara nne au tano, zote kwenye nakala za kukopi, nilizonunua kwa shilingi hamsini kutoka kwa vijana waliokuwa wakifanya kazi ile ile ya Mwas.

Mwezi uliopita nilimwonyesha mpwa wangu wa miaka kumi na tisa, anayetaka kuingia chuo kusomea filamu. Alikuwa na simu mkononi mwanzoni. Kufikia selo simu ilikuwa chini. Majina yalipoanza kupanda mwishoni akaniambia, "Mjomba, weka nyingine ya huyu jamaa."

Nikachukua rimoti, nikatafuta. Nikamwekea Veve, akaona sura nyingine. Nikamwekea kipande cha Sense8 chenye Jela, akasema huyu si yeye, huyu ni yule mwenzake. Tukahangaika hivyo kama robo saa, mimi nikieleza, yeye akisubiri. Mwishowe tukarudi mwanzo wa Nairobi Half Life, pale kijijini, kijana akipigana peke yake na jeshi zima ili auze DVD moja.