Nati ya Nne

Nimeoga mara mbili na bado mkono una grisi mpaka kiwikoni. Mama watoto ashasema chakula changu leo nitakula uani na paka.

Kisa ni nati moja. Injini ya Volkswagen yangu, hii ya mgongo wa kobe, imeshikwa na nati nne tu, spana namba 17 zote. Mbili za chini zafikika vizuri, ndiyo maana chumvi ya bahari ikazifikia kabla yangu. Zimeshika kutu hata ukizipigia magoti hazitoki. Mbili za juu, ambazo hazifikiki, ndizo zinazolegea zenyewe. Nambie, hiyo haki?

Ziko nyuma ya boksi la feni. Huzioni kwa jua wala kwa tochi. Unaingiza mkono kama mtu anayetafuta ukwaju ndani ya mtungi, shavu umelilaza juu ya kabureta, macho yaangalia mbinguni. Na kila anayepita hapa Majengo lazima asimame: "Ami, gari imeharibika?" La, yakhe, naipima presha.

Ile ya upande wa stata ndiyo jeuri zaidi. Ukizungusha nati huku, bolti nayo yazunguka kule. Basi lazima muwe wawili, mmoja chini ya gari na spana yake, mmoja juu na yake, mwapigiana kelele kama manahodha wawili ndani ya dau moja. "Shika!" "Nishashika!" "Mbona yazunguka?" "Aa, kumbe nimeshika nyingine."

Ningeiacha, lakini nikiachia kluchi gari yatetemeka kama ina homa. Juzi natoka kwenye feri Likoni, ule mlima wa kupanda, mama mmoja niliyempa lifti akakumbatia beseni lake la samaki akaanza kusoma dua. Dua yote! Hakubakisha.

Wazee wa barazani nao hawasaidii. Wanakunywa kahawa chungu na kunikumbusha kwamba gari hii ilishinda Safari Rally mwaka 1962. Ilishinda, sikatai. Ila waliokaza nati hii sijasikia hata mmoja wao kupewa kombe.

Dawa yangu ilikuwa mtoto wa jirani, miaka tisa, mkono mwembamba kama mwiko. Mimi nalala chini na kikoi changu nimeshikilia bolti, yeye apenyeza mkono nyuma ya feni, kacha kacha, kwisha. Mwanzo malipo yalikuwa hamri moja. Halafu hamri mbili na mbaazi. Mwezi uliopita akataka shilingi mia, na soda baridi, na kabla ya kuanza kazi.

Leo asubuhi mkono umekwama kwenye kiwiko. Mtoto amenenepa! Na amenenepea mahamri yangu mwenyewe! Tumemtoa kwa sabuni ya kipande na mafuta ya nazi, mamake amesimama pale kimya, kimya kile kibaya cha mama wa Kimombasa, nami nimejitia natafuta spana chini ya gari.

Nati bado imelegea. Nilipotoka chini nikamwona dadake mdogo mlangoni, miaka sita, vikono kama vijiti vya mishikaki, anamsuka mwanasesere wake. Nikamchekea. Hakucheka.

"Mimi ntataka mia mbili," akasema.