Laurindo Almeida na ubishi wa chanzo cha bossa nova

Historia ya bossa nova, mtindo wa muziki wa Brazili, inapoandikwa, jina la mpiga gitaa Laurindo Almeida huingizwa kwa namna mbili zisizopatana. Wapo wanaomtaja kuwa mwasisi wake, kwa hoja kwamba mwaka 1953, akiwa Los Angeles, alianza kurekodi pamoja na mpiga saksafoni Bud Shank muziki uliochanganya jazi na midundo ya Brazili, miaka mitano kabla mwimbaji na mpiga gitaa João Gilberto hajarekodi wimbo wa "Chega de Saudade" mjini Rio de Janeiro. Wengine humwona kuwa mhamiaji aliyekwisha kuondoka zamani wakati jambo lenyewe likitokea, na kwa hiyo hana anachoweza kudai. Ubishi huu umedumu kwa miongo kadhaa, na kwa maoni yangu umemdhulumu Almeida, kwa kuwa pande zote mbili zinagombea sifa isiyo yake huku ile iliyo yake ikisahaulika.

Almeida alizaliwa Septemba 2, 1917 katika kijiji cha Prainha, jimbo la São Paulo. Gitaa alijifunza mwenyewe, na akiwa bado kijana alihamia Rio, ambako alipata kazi katika redio ya Mayrink Veiga na kushirikiana na Aníbal Augusto Sardinha, aliyejulikana zaidi kwa jina la Garoto. Mwaka 1936 aliajiriwa kama mwanamuziki katika meli iliyokwenda Ulaya, na huko Paris akamsikia mpiga gitaa wa jazi Django Reinhardt. Wanamuziki wa Rio wa wakati ule walitegemea redio na kasino ili kupata riziki, na kasino zilifungwa kwa mkupuo mmoja Rais Eurico Gaspar Dutra alipopiga marufuku kamari nchini kote, Aprili 30, 1946. Cassino da Urca, mojawapo ya kumbi alizopigia Almeida, ilikuwa miongoni mwa zilizofungwa. Mwaka uliofuata alihamia Marekani. Wanaozungumzia kuondoka kwake kana kwamba aliisusa nchi yake wangefanya vizuri kuikumbuka amri hiyo ya Dutra.

Huko California aliingia haraka katika filamu na katika okestra ya Stan Kenton, bendi iliyosifika kwa wingi na ukali wa tarumbeta na tromboni zake. Si mahali ambapo mtu angetarajia kulikuta gitaa la nyuzi laini linalopigwa kwa vidole, lakini mtunzi Pete Rugolo alimwandikia kibao kiitwacho "Lament" kilichomweka mbele, na kuanzia hapo wanamuziki wa jazi wa Marekani wakalijua jina lake. Okestra hiyo ilipovunjika mwishoni mwa mwaka 1948, Almeida alibaki Los Angeles akifanya kazi za studio.

Sasa tuje kwenye rekodi inayogombewa. Kundi lilikuwa la watu wanne: Almeida, Shank kwenye saksafoni ya alto, Harry Babasin kwenye besi, na mpiga dramu Roy Harte, aliyekuwa pia mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Pacific Jazz iliyotoa santuri yenyewe. Walichagua nyimbo za Brazili, kama "Carinhoso" ya Pixinguinha, wakaziweka sambamba na nyimbo za Kimarekani kama "Speak Low". Anayesikiliza leo atatambua mara moja mambo yaliyowavutia wanaosema bossa nova ilizaliwa California: sauti ya Shank ni nyepesi na haina papara, gitaa linashika kodi (noti kadhaa zinazopigwa mara moja) na mdundo kwa pamoja, na hakuna anayepiga kelele. Kwa kuwa bossa nova nayo ilikuja kujulikana kwa upole huo huo, ni rahisi kuhitimisha kwamba tumekwisha kukisikia kisima chake.

Upole, hata hivyo, hautoshi. Mdundo unaosikika zaidi katika santuri ile ni baião, ngoma ya kaskazini-mashariki mwa Brazili ambayo Luiz Gonzaga aliipa umaarufu wa kitaifa katikati ya miaka ya 1940, na ambayo huyagawa mapigo manane kuwa matatu, matatu na mawili. Shank anapochukua zamu yake ya kubuni papo kwa papo, uchezaji wake huelekea zaidi kwenye swing, mdundo wa kubembea wa jazi, ya California kuliko kwenye samba. Gilberto alifanya jambo jingine kabisa. Katikati ya miaka ya 1950, baada ya kushindwa kujipatia nafasi Rio, alikaa kwa dada yake mjini Diamantina, na inasimuliwa kwamba alijifungia bafuni kwa saa nyingi, kwa sababu ya mwangwi wake, akirudia pigo moja hilo hilo la gitaa. Alichotoka nacho ni samba iliyopunguzwa hadi kubaki kiini: kidole gumba kikitembea kwenye besi kwa mwendo usiobadilika, vidole vingine vikigonga kodi katikati ya mapigo kama vile tamborim, kigoma kidogo, inavyogonga katika bendi ya samba, na sauti ya mwimbaji ikitangulia au kuchelewa bila kulivuruga gitaa. Pigo hilo halimo katika santuri ya Almeida na Shank. Na bossa nova bila pigo hilo, na bila uimbaji huo ulioegemea juu yake, ni kitu kingine.

Hoja ya tarehe ina udhaifu mwingine ambao husahauliwa. Bossa nova ilipovuma Marekani mwaka 1962, haikutokea Los Angeles. Mpiga gitaa Charlie Byrd aliikuta Brazili mwaka 1961 akiwa katika ziara iliyogharimiwa na serikali ya Marekani, akarudi nayo Washington, na Februari 13, 1962 akarekodi na mpiga saksafoni Stan Getz santuri ya "Jazz Samba" katika kanisa mjini humo. Katika kipindi cha wimbi hilo rekodi za Almeida na Shank zilinadiwa upya, zikiwa na jina la "Brazilliance", na Almeida mwenyewe akatoa "Viva Bossa Nova!" mwaka huo huo wa 1962. Simlaumu mtu kwa kutafuta riziki, lakini mwenye kusoma historia lazima atambue kwamba madai ya utangulizi yalikuwa pia na faida ya kibiashara kwa waliokuwa na santuri za zamani ghalani.

Hayo yakisemwa, upande wa Rio nao hauko salama. Hoja yake kwamba mtu aliyeondoka hawezi kuwa sehemu ya jambo lililozaliwa nyumbani inasahau ni wapi vijana wa Copacabana, mtaa wa Rio, walikuwa wakitega masikio. Waliipenda jazi ya California, na Johnny Alf, aliyekuwa akipiga piano katika baa ya hoteli ya Plaza, alikuwa akiijumuisha katika samba kabla ya Gilberto kufahamika. Mkosoaji José Ramos Tinhorão aliifuata hoja ya uzalendo hadi mwisho wake, akaishutumu bossa nova yenyewe kuwa ni uigaji wa muziki wa Marekani uliofanywa na watoto wa tabaka la kati. Anayemfukuza Almeida kwa kosa la Umarekani atapata taabu kueleza kwa nini asimfukuze pia Tom Jobim, mtunzi mkuu wa bossa nova, ambaye Tinhorão hakumsamehe.

Mfano wa Garoto unasaidia zaidi kuliko nadharia. Yeye na Almeida walitoka katika mazingira yale yale ya redio ya Rio, na yeye pia alikwenda Marekani, mwaka 1939, kuungana na kundi lililompigia mwimbaji Carmen Miranda. Alirudi. Kodi zake zenye noti za ziada, ambazo wanamuziki wa mwanzoni mwa miaka ya 1950 walizisikia katika wimbo wake "Duas Contas", leo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mizizi halisi ya bossa nova, ingawa alifariki mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 39 na hakuiona. Wapiga gitaa hao wawili walikuwa na sikio linalofanana. Mmoja alisikilizwa na vijana wa Rio kwa sababu alikuwa karibu nao, mwingine alisikilizwa na Wamarekani. Tofauti hiyo ni ya mahali, wala haipimi ubora wa yeyote kati yao.

Basi sifa ya Almeida iko wapi? Tangu mpiga gitaa Charlie Christian aingie katika bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, gitaa katika jazi lilizidi kuwa la umeme, lenye nyuzi za chuma, na lililopigwa kwa kipande kidogo kigumu kinachoshikwa kwa vidole, mara nyingi noti moja baada ya nyingine kama saksafoni. Almeida alionyesha njia tofauti: gitaa la klasiki linaloweza kubeba besi, kodi na sauti ya juu kwa wakati mmoja ndani ya kundi dogo la jazi, bila piano. Byrd, na baadaye wahamiaji wengine wa Kibrazili kama Bola Sete, walipita katika mlango ambao tayari ulikuwa wazi.

Lawama inayobaki ni nzito zaidi, nami nakubaliana nayo kwa kiasi: Almeida hakuwa mbunifu mkubwa wa papo kwa papo. Katika L.A. Four, kundi aliloliunda mwaka 1974 pamoja na Shank na mpiga besi Ray Brown, mara nyingi wenzake ndio wanaothubutu, naye hubaki ndani ya mistari iliyokwisha kupangwa. Tuzo zake tano za Grammy zinaeleza jambo hilo hilo, kwani nyingi zilikuwa za muziki wa klasiki, mojawapo ikiwa ya utunzi wake "Discantus" uliofungana kura na kazi ya Igor Stravinsky. Hadi karibu na kifo chake, Julai 26, 1995, aliendelea na kazi za filamu, na gitaa la upweke katika "Unforgiven" ya mwaka 1992 ni lake.

Lakini lawama hiyo inamhukumu kwa kanuni ya mpiga solo. Mwaka 1964 alirekodi na Modern Jazz Quartet, kundi lililokuwa likikusudia kuipa jazi nidhamu ya muziki wa klasiki, na humo wakapiga sehemu ya pili ya "Concierto de Aranjuez" ya Joaquín Rodrigo, vibrafoni, piano, besi na dramu zikichukua nafasi ya okestra nzima. Kazi hiyo ilihitaji mtu mwenye mkono wa klasiki na sikio lililozoea kusubiri wenzake, na katika jazi ya miaka ile ni wapiga gitaa wachache sana wangeimudu. Kwangu mimi, mjadala juu ya Almeida ungeanza na santuri hiyo kabla ya ile ya mwaka 1953.